Msitu Huu ni wa Nani? Wasomaji Wauliza Kuhusu Sheria ya Misitu

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu misitu ya Tanzania Bara, isipokuwa moja iliyotoka Pemba. Kila msomaji ameuliza jambo lake, huyu mbao, yule mkaa, mwingine shamba alilozaliwa, lakini majibu yote yanaanzia mahali pamoja: kabla ya kujua kama umevunja sheria au wewe ndiye uliyevunjiwa haki, ni lazima ujue ardhi inayozungumzwa iko katika kundi gani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeigawa ardhi yote katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Misitu, Sura 323, iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika mwaka 2004 badala ya ile ya kikoloni ya mwaka 1957, nayo imeipanga misitu kwa kufuata mwenye mamlaka juu yake: misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu, misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, misitu ya vijiji, na misitu ya watu binafsi. Kwa sababu hiyo mninga unaoweza kukatwa kwa kibali cha kijiji upande huu wa kijito, ng'ambo ya pili kuukata huweza kuwa kosa la jinai, ingawa mti ni wa aina ileile na mkataji ni yuleyule.

Swali. Kijiji chetu kina msitu mkubwa wa miombo wenye mninga, mkongo na mpingo. Kila kiangazi wanakuja wavunaji kutoka mjini wakiwa na karatasi zenye mihuri, wanakata na kuondoka, na sisi tunabaki na visiki na barabara iliyoharibika. Tukihoji tunajibiwa kwamba msitu si wetu bali ni wa serikali, kwa kuwa hakuna anayeutumia. Je, ni kweli? *Mjumbe wa Kamati ya Maliasili ya Kijiji, Liwale.*

Jibu. Ndugu mjumbe, kama msitu huo uko ndani ya mipaka ya kijiji chenu na haujawahi kutangazwa kuwa hifadhi, basi uko kwenye ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi ardhi hiyo kwa halmashauri ya kijiji ili iisimamie kwa niaba ya wanakijiji wote. Ardhi ya kijiji haiachi kuwa ya kijiji kwa sababu tu haijalimwa.

Hata hivyo, si haki kukuficha kwamba waliokujibu hivyo wana mahali pa kushika. Sheria ya Ardhi Na. 4, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali sheria ya vijiji haina maneno hayo. Sheria hizi mbili ni pacha na zilitungwa pamoja, lakini katika jambo hili hazisemi kitu kimoja, na kwa maoni yangu kasoro hiyo ilipaswa kurekebishwa siku nyingi. Madhara yake mnayaona wenyewe: msitu wa kijiji ambao haukuandikwa popote unahesabiwa kuwa mtupu, vibali vya kuvuna vinatolewa wilayani, na mrabaha, yaani malipo ya mti unaovunwa, unaishia serikalini. Kijiji kinachosubiri kuulizwa hakitaulizwa.

Dawa imo ndani ya Sheria ya Misitu yenyewe, nayo ni kuutangaza msitu wenu kuwa hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji. Mkishautangaza, hakuna anayeweza kusema hautumiki, kwa maana uhifadhi ni matumizi yanayotambuliwa na sheria. Njia yake ni ndefu kidogo lakini haina hatua ambayo kijiji cha kawaida kinashindwa kuifikia. Kwanza hakikisheni mipaka ya kijiji imekubaliwa na vijiji jirani kwa maandishi na kwamba mna cheti cha ardhi ya kijiji. Vijiji vingi vimekwama hapa, kwa kuwa msitu ndio huwa mpakani na kila upande unaudai. Kisha tengenezeni mpango wa matumizi ya ardhi, ambao Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaruhusu kijiji kujitengenezea, na ndani yake eneo la msitu litengwe waziwazi. Halmashauri ya kijiji iandae mpango wa usimamizi unaoonyesha miti iliyopo, kiasi kinachoweza kuvunwa na maeneo yatakayoachwa kabisa, pamoja na sheria ndogo za kuulinda msitu huo. Yote hayo yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yajadiliwe na kupitishwa, na muhtasari uandikwe vizuri wenye mahudhurio na saini. Sheria ndogo zinakwenda halmashauri ya wilaya ili baraza la madiwani liziidhinishe, na msitu unaingizwa kwenye daftari la wilaya. Mkiwa mmeusimamia kwa miaka 3, mnaweza kumwomba Mkurugenzi wa Misitu autangaze kwenye Gazeti la Serikali, ingawa haki yenu haingojei tangazo hilo ili ianze.

Faida ya kwanza ni kwamba mwenye msitu anakuwa kijiji. Mnunuzi wa mbao anafanya mazungumzo nanyi, bei mnaipanga ninyi, na mapato yanaingia kwenye akaunti ya kijiji badala ya mrabaha kupelekwa Serikali Kuu. Haya si maneno ya semina. Duru-Haitemba, wilayani Babati, serikali ilikuwa mbioni kuufanya msitu ule hifadhi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanavijiji wakapinga, na mwishowe vijiji vinane vikakabidhiwa kuulinda wenyewe. Msitu uliokuwa ukimalizwa kwa shoka ukaanza kurudi. Suledo, huko Kiteto, ambao jina lake limetokana na Sunya, Lengatei na Dongo, ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Jirani zenu wa Kilwa wameenda mbali zaidi: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya huko, Kikole kikiwa kimojawapo, ilipata cheti cha usimamizi bora cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii barani Afrika kupata cheti hicho. Ningeshauri kamati yenu ifunge safari hadi huko ione kwa macho jinsi wanavyopima magogo, wanavyoandika mikataba na wanavyotunza vitabu vya hesabu, kuliko kusubiri mtaalamu aje kuwasimulia.

Lazima niongeze tahadhari mbili. Kanuni zilizotolewa mwaka 2019 zimeurudisha uvunaji wa vijiji kwenye macho ya kamati ya uvunaji ya wilaya, kwa hiyo msiuze gogo hata moja kabla mpango wenu wa uvunaji haujapita huko, la sivyo mzigo wa mnunuzi wenu utakamatwa njiani na jina la kijiji litaharibika. Ya pili inatoka ndani ya kijiji. Nimesoma barua za kutosha zinazoeleza jinsi fedha za msitu zilivyoliwa na watu watano au sita, na baada ya hapo mwanakijiji wa kawaida hakuona tena sababu ya kumzuia mvunaji haramu. Mapato na matumizi yasomwe kwenye kila mkutano mkuu na yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48 za misitu na kwamba karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji, wakati takwimu za serikali za kati ya mwaka 2002 na 2013 zinaonyesha kwamba nchi ilikuwa ikipoteza kiasi cha hekta 469,000 kila mwaka. Misitu ya namna yenu, isiyotangazwa na isiyo na mlinzi, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuliwa.

Swali. Nilizaliwa mahali hapa. Wazazi wangu ndio waliofyeka. Tuna kitongoji, shule na kisima. Hivi karibuni vimewekwa vigingi vya mipaka na tukaelezwa kwamba sote tumo ndani ya hifadhi ya msitu. Wapo wanaosema kwamba mtu akishakaa miaka 12 hawezi kuondolewa. Niendelee kujenga au niondoke? *Mkazi, Kaliua.*

Jibu. Ndugu yangu, swali lako ni zito na sitalijibu kwa kukufurahisha. Miaka 12 unayoisikia ipo kweli kwenye Sheria ya Ukomo, lakini inahusu mashauri ya kudai ardhi kati ya watu na watu. Serikali inapodai, sheria hiyohiyo inaipa miaka 60. Zaidi ya hapo, ardhi iliyotengwa kwa Sheria ya Misitu ni ardhi ya hifadhi, na mtu hapati hatimiliki ya kimila ndani yake kwa kukaa tu, hata akikaa kwa nia njema. Hati za mauziano zilizogongwa mhuri wa kijiji ndani ya hifadhi hazihamishi umiliki wowote, na ninawasihi wasomaji wanaotafuta mashamba ya bei nafuu wasizinunue.

Lakini hilo halina maana kwamba huna hoja. Jambo la kwanza la kufanya, wewe na viongozi wenu, ni kupata nakala ya tangazo la serikali lililoanzisha hifadhi hiyo pamoja na ramani yake, ambayo huwa na namba ya usajili, kutoka ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, au ofisi ya ardhi ya wilaya. Vigingi vinatakiwa kufuata ramani hiyo. Ipo mipaka iliyochorwa enzi za ukoloni kwa kufuata mito iliyokwisha kuhama au njia zilizokwisha kufutika, na hapo anayepima upya anaweza kukosea kwa umbali usio mdogo. Mkiwa na shaka ombeni mpaka uhakikiwe na mpima wa serikali mbele ya pande zote mbili, na msithubutu kung'oa kigingi hata kimoja, kwa sababu kuharibu alama za mipaka ni kosa linalojitegemea na litawaharibia shauri lote.

Jambo la pili ni kujua nani alitangulia. Kama hifadhi ilitangazwa baada ya ninyi kuwapo, sheria ilitaka kusudio litangazwe hadharani, haki za waliopo zichunguzwe, na wanaopoteza haki hizo walipwe fidia; ulizeni kumbukumbu za uchunguzi huo. Kama hifadhi ndiyo iliyotangulia, ulizeni ninyi mliingiaje. Vijiji kadhaa vilipelekwa huko na serikali yenyewe wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, vikasajiliwa, vikajengewa shule na kupiga kura, na si haki watu wa vijiji hivyo wahesabiwe sawa na mvamizi aliyeingia juzi na ng'ombe. Ndiyo maana mwaka 2019 aliyekuwa Rais, Dkt. John Magufuli, alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyokuwa kwenye maeneo ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane iliyofuata ikapendekeza na serikali ikakubali kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyochunguzwa vibaki. Ulizeni kwa mkuu wa wilaya kama kijiji chenu kimo katika orodha hiyo na kwa masharti gani, kwani vipo vilivyoruhusiwa kubaki kwa kumegewa sehemu ya hifadhi huku sehemu nyingine ikirudishwa.

Hadi hapo majibu yatakapopatikana, ishi unapoishi, lima unapolima, lakini usipanue shamba kwa kufyeka msitu mpya wala usijenge nyumba ya gharama. Ikiwa itatolewa amri ya kuondoka na mnaona imekosewa, mlango wa mahakama upo, ila una masharti: serikali hushtakiwa Mahakama Kuu, baada ya notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe. Shauri la namna hiyo si la kuendesha peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, nao hawatozi malipo; anzeni kwao mkiwa kundi lenye barua moja na kumbukumbu zilizopangwa.

Swali. Marehemu mume wangu ameniachia shamba la misindano (paini) na milingoti (mikaratusi), na baadhi ya milingoti iko bondeni kwenye vinyungu, yaani bustani zetu za kiangazi, karibu na kijito. Nataka kuuza mbao nilipe ada za watoto. Mnunuzi anasema lazima nipate kibali, na afisa mmoja amenitaka niondoe milingoti ya bondeni. Miti tumeipanda wenyewe kwa mikono yetu. Kwa nini niombe ruhusa ya kukata kilicho changu? *Mama wa Mufindi.*

Jibu. Pole kwa msiba, mama, na hongera kwa kulitunza shamba. Miti uliyoipanda katika shamba unalolimiliki kihalali ni mali yako na hulipi mrabaha wa serikali kwa kuivuna, kwa sababu mrabaha ni malipo ya mti ambao hukuupanda wewe. Kibali unachoambiwa kina kazi nyingine. Mbao zikishapanda lori hakuna anayeweza kuziangalia na kutambua kama zimetoka kwako au zimeibwa kwenye shamba la serikali la Sao Hill, ambalo mnapakana nalo huko Mufindi, kwa hiyo unahitaji barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha kwamba miti ni yako, kisha afisa misitu wa wilaya aje aikague na kukupa idhini ya kuvuna, na mzigo ugongwe nyundo ya alama ya serikali na kupewa hati ya kusafirishia. Ushuru wa halmashauri upo pia, na katika makubaliano yenu andikeni nani ataulipa, kwa maana wanunuzi wengi huutupa kwa mwenye shamba dakika ya mwisho. Tena, kwa kuwa shamba liliandikwa kwa jina la marehemu, teueni msimamizi wa mirathi mahakamani kabla ya kusaini mkataba wowote. Mkataba uliosainiwa na asiye na mamlaka ni mwanya wa ndugu kuja kudai baadaye.

Lingekuwa jambo jingine kama katika shamba hilo kungekuwa na mvule au mninga uliojiotea. Sheria inampa waziri uwezo wa kuiweka miti ya thamani katika orodha ya miti inayolindwa hata nje ya hifadhi, na mti wa asili haukatwi kwa biashara bila kibali hata ukiwa uani kwako.

Kuhusu milingoti ya bondeni, afisa yule hakukuonea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza kufanya ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ya maji, na mlingoti unafyonza maji mengi kuliko miti ya asili ya bondeni. Vijito vya Mufindi ndivyo vinavyoingia Ruaha Mdogo na hatimaye Rufiji. Anayeishi mbali bondeni anategemea unachokifanya juu. Ninachokushauri ni kuomba muda kwa maandishi, uvune milingoti hiyo kwanza kabla ya ile ya mlimani ili nayo ikupatie fedha, uzuie visiki visichipue, na mahali pake upande mivengi na mikuyu. Ofisi ya bonde la maji na afisa misitu wanaweza kukuelekeza miche inakopatikana. Bustani ndogo za kiangazi katika vinyungu ni suala la kuzungumza na uongozi wa kijiji na ofisi hiyohiyo ya bonde, kwa sababu umbali na aina ya kilimo ndivyo vinavyoamua.

Swali. Ninanunua mkaa vijijini na kuupeleka Dar es Salaam. Safari ya mwisho nilikuwa na risiti ya kijiji tu. Kwenye kizuizi kimoja niliambiwa mzigo umetaifishwa, halafu nikaambiwa nikitoa fedha nitaachiwa. Nilitoa, sikupewa stakabadhi. Sheria inasemaje? *Mfanyabiashara, Kilosa.*

Jibu. Ndugu, yapo makosa mawili hapa, moja lako na jingine la aliyekusimamisha.

La kwako ni kwamba risiti ya kijiji peke yake haitoshi kusafirishia mkaa. Anayefanya biashara ya mazao ya misitu anatakiwa awe amesajiliwa kwa mwaka husika, mkaa uwe umetoka kwenye eneo lenye kibali cha uvunaji, malipo yawe yamefanyika kwa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi iwepo, na gari liwe na hati ya kusafirishia inayotaja kiasi, njia na tarehe. Hati hiyo inakaguliwa na kugongwa mhuri kwenye kila kituo cha ukaguzi, na mazao ya misitu hayasafirishwi kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, hata kama karatasi zako zote ziko sawa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kukamata mzigo na kuutaifisha ni mambo mawili. Ofisa anayo mamlaka ya kuuzuia mzigo usio na hati, lakini anapaswa kukuandikia hati ya kukamatia mali inayoonyesha kilichokamatwa, lini na wapi. Kutoka hapo shauri linakwenda mahakamani, au, ukikiri kosa kwa maandishi, linaweza kumalizwa kwa utaratibu wa kufifilisha kosa, ambapo ofisa mwenye mamlaka hayo anakutoza kiasi fulani na kukupa stakabadhi ya serikali. Fedha yoyote isiyo na stakabadhi si faini wala si kufifilisha. Ni rushwa, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamhesabia kosa anayetoa na anayepokea. Najua ni vigumu kukataa ukiwa barabarani usiku na mtaji wako wote uko juu ya gari. Hata hivyo nenda TAKUKURU, au piga simu 113, ueleze mahali, tarehe na ilivyokuwa kabla mtu mwingine hajaeleza kwa niaba yako. Kila gunia linalopita kwa rushwa linampa mchomaji haramu nguvu ya kumshinda bei yule anayelipa.

Na kwa kuwa uko Kilosa, una bahati ambayo wafanyabiashara wa wilaya nyingi hawana. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya huko vimekuwa na misitu yao iliyotangazwa, ambamo mkaa unachomwa kwa mpango: eneo linagawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kitalu kinachovunwa kinazungukwa na visivyovunwa, visiki vinaachwa vichipue, na mzunguko mzima umepangiwa miaka 24 kabla ya kurudi palepale. Ukinunua huko unakuwa na karatasi zote tangu mwanzo, na fedha unayolipa inajenga zahanati na madarasa ya waliokulindia msitu. Serikali imejiwekea mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 ili asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwisho wake, na ninautakia mema kwa moyo wote, lakini hadi hapo mkaa utaendelea kuliwa mijini, na ni heri ukatoka mahali ambapo mti unaruhusiwa kurudi.

Swali. Je, kuweka mizinga ndani ya msitu wa hifadhi ni kosa? Babu zetu wamerina asali humo tangu zamani. *Mrina asali, Sikonge.*

Jibu. Si kosa ukiwa na kibali. Ufugaji nyuki una sheria yake, Na. 15 ya mwaka 2002, na ofisi ya TFS ya wilaya ndiyo inayotoa ruhusa ya kuweka mizinga katika hifadhi ya Serikali Kuu. Kundi lililosajiliwa hupata kibali kwa urahisi kuliko mtu mmoja. Mizinga ya magome ndiyo inayowaletea wenzako matatizo, kwa kuwa mti uliobanduliwa gome lake lote hufa, na hilo linahesabiwa kuwa ni kuharibu mti wa hifadhi. Tumieni mizinga ya mbao. Angalieni sana mienge ya kurinia: moto ukitoka mkononi mwako na kuingia msituni unawajibika nao hata kama hukukusudia.

Swali. Ninakata boriti za mikandaa, miti ya jamii ya mikoko. Jamaa yangu wa Tanga anataka nimuuzie, anasema kibali atakachokipata kwao kitatosha. *Msomaji, Micheweni, Pemba.*

Jibu. Hakitoshi. Misitu si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya uhifadhi na usimamizi wa misitu, Na. 10 ya mwaka 1996, ambayo ndiyo inayotawala mikandaa, mikoko na michu yote ya Unguja na Pemba. Kibali cha kukata na cha kusafirisha kutoka kisiwani ni lazima kitoke kwa mamlaka ya misitu ya Zanzibar, na kama shehia yenu ina mkataba wa jamii wa kusimamia msitu, kamati yenu iwe imekubali eneo na kiasi. Jamaa yako naye ajue kwamba huko Bara misitu yote ya mikoko, mikandaa ikiwamo, ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo boriti zitakazoshushwa Tanga bila hati za kuonyesha zimetoka wapi zitachukuliwa kuwa zimekatwa palepale. Anza kwa sheha wako, akupeleke kwa afisa misitu wa wilaya, na usikate kitu hadi karatasi iwe mkononi.